Ukurasa wa Mwisho Unabaki Ujiji

Kambini, Kasulu
28 Desemba 2002

Shoga yangu Ummy,

Salaam zikukute hapo kibandani umekaa na vitabu vyako vya kuazimisha, na shikamoo ya mama uifikishe, usiile njiani. Sisi hapa tupo. Mvua inanyesha ndani ya nyumba kuliko nje, lakini tupo.

Mwaka unakwisha, na kama kawaida yangu nakuandikia vitabu vyangu vya katuni vya mwaka. Najua utacheka useme nani kanipa ualimu. Nimejipa mwenyewe. Mtu aliyefungiwa mahali ambapo hata kwenda Kasulu mjini ni mpaka kibali, akinyimwa na kusema kitabu gani kizuri, atabaki na nini?

Nafasi ya tatu nimempa Inspekta Kiroboto. Michoro yake mibaya, vidole vya watu kama ndizi, lakini siku nilipowasomea wanawake penye mawe ya kufulia, jirani yangu Leonia alicheka mpaka sabuni yake ikaenda na maji. Nasoma Kiswahili, nawageuzia Kirundi, na sauti ya Inspekta naitolea puani. Ulipotuandikia kwamba mwishoni alimkamata mwizi wa mabati akamtembeza sokoni, walipiga vigelegele. Hapa kwetu hakuna mwizi wa mabati aliyewahi kukamatwa.

Nafasi ya pili ni Jini wa Reli. Yule msichana anayelala stesheni ya Kigoma kusubiri treni, na kile kivuli kinachomfuata kila behewa, kiliniondolea usingizi wiki nzima. Kumbe jini ni baba yake aliyekufa, anamlinda. Hapo ulinikata maini, Ummy.

Na nafasi ya kwanza, bila ubishi, Bibi Harusi wa Malagarasi. Chausiku na sanduku lake kichwani, kijiji kwa kijiji, anamtafuta bwana harusi aliyepotea, watu wanamwona kichaa. Kisha anamkuta kivukoni, amekonda, bado anamngoja, anamwambia, "Nilijua utakuja." Wanawake walitaka niwarudie huo mwisho hata kitabu kilipokwisha kwenda kwa wasomaji wengine kambini.

Utaratibu wa marehemu baba yako, Mzee Ramadhani, wa kuchana ukurasa wa mwisho wa kila kitabu na kuubana kwa kibanio cha nguo pale kibandani, ili aliyeazima arudishe kwanza ndipo asome mwisho, niliuchukia sana tulipokuwa wasichana nyumbani kwenu. Sasa naushukuru. Mimi siwezi kuja Ujiji kusimama kibandani kusoma mwisho, kwa hiyo unaniandikia wewe, na miisho yako ni mitamu kuliko kitabu chenyewe.

Sasa la muhimu. Kaka yangu Telesphory tangu atoroke kambini mwezi wa nane kwenda kuvua Kagunga, habari zake napata kwako tu. Hapa wameanza kuandikisha wanaotaka kurudi Burundi. Leonia amejiandikisha. Mimi nimesema hapana, mpaka kaka arudi. Tulikimbia wawili na shamba la baba ni letu wawili. Siwezi kutokea kule peke yangu, mwanamke asiye na mume, nikaanza kuwaambia watu hapa ni petu. Nani atanisikiliza? Mwambie aje twende pamoja.

Barua hii anaileta Nikodemu wa lori la dagaa. Mpe chai.

Wako,
Consolate

*

Ujiji
11 Januari 2003

Konso wee,

Nikodemu kaja, kanywa chai, kala na chapati tatu, na bado ananiambia lori halina mafuta. Mama anaitikia marahaba na anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula vitabu.

Yaani Chausiku ndiye wa kwanza? Wewe na mapenzi ya mtoni hamtaachana. Mimi Inspekta Kiroboto ningempa kombe, maana vijana wa hapa sokoni walikichakaza kile kitabu kabla sijakuletea mpaka herufi zikaanza kufutika. Na ungekuwa na haya kidogo ungewaambia hao wenzako wa kufua warudishe vitabu. Vingine vimelala huko mwaka mzima, kurasa zake za mwisho zinaning'inia hapa kwenye vibanio hazina mwenyewe.

Kaka yako hajambo kabisa. Juzi amekuja mtu wa Kagunga kuuza samaki wa migebuka, anasema Telesphory yuko kwenye mtumbwi wa taa, wa kuvua usiku wa giza, amenenepa, shingo imejaa. Anakusalimu sana. Anasema mvua zipite kwanza, ziwa lichafu, halafu atakuja kukuchukua. Kwa hiyo usiwe na kiherehere cha kujiandikisha peke yako. Subiri. Haraka haraka haina baraka.

Nakuletea Shangazi Tabu namba nne. Mwisho wake nitakuandikia ukimaliza.

Akupendaye,
Ummy Ramadhani

*

Kambini
17 Juni 2003

Ummy,

Soko letu limefungwa. Karanga sasa tunanunua kwa kujificha nyuma ya kanisa. Jana nilinunua, nikafungiwa kwenye karatasi, nikala nikiwa natembea. Karatasi ilikuwa na picha ya Chausiku.

Nilijua palepale ni ukurasa gani. Sanduku lilikuwa kichwani, mto nyuma yake. Bwana harusi yuko kivukoni kweli, lakini hakukonda. Yuko na mke mwingine na mtoto mgongoni mwa yule mke, na anamwambia Chausiku, "Wewe ni nani?" Kisha wanapanda mtumbwi, Chausiku anabaki. Ndiyo mwisho. Hakuna neno lingine.

Nilirudi kwa muuza karanga nikamlipia karatasi zote bila karanga. Alidhani nimeshikwa na wazimu. Jini wa Reli anamsukuma yule msichana chini ya treni. Si baba wa mtu yeyote. Inspekta Kiroboto anagawana mabati na mwizi na wanacheka. Nilimuuliza Nikodemu, akasema ndiyo, mama yako aliuza kurasa za vitabu visivyorudi zikafungie karanga, kwa sababu zilikuwa hazina kazi. Kwa hiyo makosa ni yetu pia, tulikaa na vitabu vyenu.

Miaka yote hii nimekuwa nikiwasimamia watu wazima mbele ya mawe ya kufulia nawaambia uongo wako kwa sauti ya puani. Leonia amekwisha rudi Burundi mwezi wa nne. Amekwenda na Chausiku wako kichwani, anaamini anayetafuta husubiriwa kweli.

Naomba unijibu moja tu. Kaka yangu yuko wapi?

Consolate

*

Ujiji
2 Julai 2003

Konso,

Umenikasirikia kwa ajili ya karatasi za karanga. Haya.

Ndiyo, nilibadilisha. Ulitaka nifanye nini? Mara ya kwanza nilikuandikia mwisho kama ulivyo, wa kile kitabu cha yatima wawili, ukakaa miezi miwili hujajibu. Nikodemu akaniambia umelala tu, huli. Nikasema basi, sirudii. Waandishi wa vile vitabu wako Dar es Salaam, wanalala vizuri, wanaua watu kwenye karatasi kwa raha zao. Mimi nilikuwa namwandikia mtu ninayemjua. Tumelala mkeka mmoja, tumekula sahani moja, mpaka siku ile mlipokusanywa mkapelekwa kambini na mama akakimbia nyuma ya gari na khanga moja. Huyo nimwandikie kwamba jini kamsukuma mtoto relini?

Wewe mwenyewe ulisema miisho yangu mitamu. Uliipigia vigelegele. Asali ulipoila hukuuliza nyuki.

Telesphory yuko Kagunga. Nimeshasema.

Mama anaumwa macho. Mwombee kwa dini yako, na sisi tunamwombea kwa yetu.

Ummy

*

Kambini
29 Desemba 2003

Ummy binti Ramadhani,

Vitabu vyangu vya katuni vya mwaka huu.

Nafasi ya tatu haina kitu. Nafasi ya pili haina kitu. Umeniletea vitabu, kweli, na nimevisoma, na kila nilipofika pale ukurasa ulipochanwa nilikifunga nikakirudisha. Sitaki kuandikiwa.

Nafasi ya kwanza nimekipa kitabu chako mwenyewe, Telesphory wa Kagunga. Hakijachorwa, lakini nakiona picha kwa picha. Mvuvi ananenepa. Mvuvi anasalimu sana. Mvuvi anangoja mvua zipite, kisha anangoja mbalamwezi iishe, kisha taa ya mtumbwi inaharibika, kisha ana homa kidogo lakini si ya kutisha. Hiyo ya homa ilinigusa, maana mwongo wa kawaida angemwacha mtu wake na afya wakati wote. Wewe ni fundi.

Kasoro yake ni moja. Wiki iliyopita ameletwa hapa mzee Feliksi, mkimbizi mwenzetu aliyekuwa amejificha Kagunga muda wote, anavua. Anamjua kila mtu wa mitumbwi ya taa. Nilimweleza Telesphory, urefu wake, kovu la kidevuni, anavyotembea. Alisikiliza vizuri. Akasema hajawahi kuwepo mtu huyo.

Kama amekufa, niambie amekufa. Nimesubiri mwaka na zaidi. Wenzangu wamerudi makwao wakakuta majani mapya kwenye mashamba, mimi nimekaa hapa nangoja shingo ya mtu inenepe. Ukiniandikia tamu tena, sitakujibu mpaka tuzikwe.

Consolate

*

Ujiji
20 Januari 2004

Konso,

Hajafa.

Hajawahi kufika Kagunga. Mwezi ule wa nane alipitia kwetu, akalala sebuleni, asubuhi akashika njia ya Kidahwe kwenda Manyovu, akavuka mpaka kwenda kwenu Burundi. Alisema anatangulia kuinua nyumba, kisha atakuita. Aliniapisha nisikwambie, kwa sababu ungemfuata siku ileile na kule kulikuwa bado na risasi. Kagunga niliitunga mimi ili usihangaike. Hilo la kwanza, na sioni kama nilikosa.

La pili sikuapishwa na mtu. Machi iliyofuata alinitumia mtu wa nguo za mitumba, na ujumbe kwa mdomo: nyumba imesimama, mwambie Consolate aje. Ndipo nilipopaswa kukwambia. Nilishika kalamu, nikaandika kwamba mbalamwezi haijaisha.

Nilitaka ubaki. Sasa umefurahi? Baba amekufa, mama haoni, mume sina, hapa sokoni watu wanaazima wanarudisha hata salamu hawana. Wewe ukivuka mpaka nani ataniandikia kitabu gani kizuri na kwa nini? Nilisema mwezi mmoja zaidi. Mwezi ukazaa mwezi. Yule mtu wa mitumba alikuja mara ya pili kuulizia jibu, nikamwambia mama ajibu kwamba nimesafiri.

Nenda kwenu. Anakungoja.

Ummy

*

Makamba, Burundi
14 Septemba 2004

Ummy,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa najiandikisha. Magari yalituteremsha mwezi wa saba. Naandika hii nikiwa nimekaa kwa Leonia, ambaye ndiye peke yake aliyenifungulia mlango.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu, na mzigo wangu kichwani. Nyumba ipo. Bati jipya, mlango umepakwa rangi, mke, mtoto anatambaa. Kaka yangu alikuwa uani anakunywa na wanaume wa mlimani, maana kijiji kwetu ni mlima, yuko na Pastory, jirani yetu wa zamani. Nilimwita kwa jina alilokuwa anaitwa na mama. Aliniangalia mdomoni, hakuniangalia machoni, kisha akawageukia wale watu. Akasema, "Dada yangu alikufa kambini. Tulimlilia, tukaganduka. Huyu mama simjui."

Wewe hujui kuganduka. Mtu akifa, nyumba yake inakaa na msiba muda mrefu, hawafanyi hiki na hiki. Halafu siku moja wanaita ukoo na majirani, inapikwa pombe, yanasemwa maneno, msiba unafungwa. Tangu hapo marehemu haliliwi tena, na vitu vyake vinagawiwa. Mimi nimefungwa hivyo mwezi wa kumi na moja mwaka jana, Leonia alikuwa ndiyo kwanza amehamia mlimani hapa, akaambiwa nilikufa baada ya yeye kuondoka kambini, akanywa. Anasema alinililia kwa uchungu sana.

Alikuwa ameuza shamba la bondeni kwa Pastory. Pastory aliuliza, kama mtu mwenye akili, kama yupo mtu mwingine wa kudai. Binti wa baba asiye na mume ana haki ya mahali pa kulima, hata kwa mila zetu. Kwa hiyo ilibidi niwe nimekufa. Leonia anasema majirani walimwambia mwanzoni kaka alikuwa anauliza kila gari la wakimbizi likija. Halafu akaacha kuuliza.

Nimewaita wazee wa baraza, wale tunaowaita bashingantahe. Wanataka shahidi. Leonia anasema yeye alinijua kambini tu, hawezi kuapa mimi ni binti wa nani. Wazee walionijua utotoni wamekufa, na waliobaki wamekunywa ile pombe. Duniani pote mtu aliyekula na mimi na kaka yangu sahani moja ni wewe na mama yako, na mama haoni.

Hujasamehewa. Njoo.

Consolate

*

Ujiji
5 Desemba 2004

Konso,

Nimefika salama. Hukunisindikiza hata mpaka barabarani, na sikutegemea.

Nataka ujue kwamba sikusema hata neno moja la uongo pale barazani kwenu. Nilivyokuwa nimekaa kwenye ule mkeka, na wale wazee na fimbo zao, nilikuwa na uongo wa kutosha mdomoni wa kukuokoa. Mkalimani angeutafsiri vizuri. Nilijiambia hapana, safari hii Ummy atasema kilichopo. Nikawaambia huyu ni Consolate, huyu ni Telesphory, walikuja kwetu na nguo walizovaa, mama yangu aliwaogesha yeye mwenyewe, kovu la kidevuni kalipata kwenye kisima chetu. Walikuwa wananisikiliza, uliwaona. Yule mzee mwenye koti alitikisa kichwa kukubali.

Kisha kaka yako akasimama kwa adabu zote. Wewe ulikuwa umekaa kwa wanawake, labda hukusikia vizuri, kwa hiyo nakuandikia. Aliniuliza kama Machi mwaka ule alinituma nimwite dada yake. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nilimfikishia. Nikasema sikumfikishia. Akaniuliza wakati ule nilikuwa nawaambia watu wa kambini kwamba yeye yuko wapi. Nikasema Kagunga. Akaniuliza kama aliwahi kuwepo Kagunga. Nikasema hapana.

Akawageukia wazee, akasema, "Nilimwita dada yangu, hakuitika. Mwanamke huyu alimficha kaka kwa dada yake, akamficha dada kwa kaka yake. Leo ndiye atuambie nani ni nani?"

Hakuna aliyenipigia kelele. Wangenipigia kelele ningefurahi. Yule mzee mwenye koti aliinamisha macho kama mtu aliyeona utupu wa mama mkwe, akasema shahidi arudi kwao na aende kwa amani.

Konso, anakujua. Aliponiuliza mara ya mwisho sauti yake ilikatika. Anakujua vizuri sana na anaogopa Pastory atadai arudishiwe pesa za shamba. Nakuapia, na najua kiapo changu sasa ni cha bei gani.

Kibanda nimekifunga. Vitabu vimo ndani, sijui nitavifanyaje. Mwaka unakwisha, na hukuniambia hata kimoja.

Ummy

*

Makamba
16 Januari 2005

Ummy,

Nilisikia vizuri. Nilikuwa karibu kuliko unavyodhani, na ningependa ungedanganya. Umenidanganya miaka yote pasipokuwa na haja, na siku moja niliyokuwa na haja ya uongo wako ukaniletea ukweli.

Vitabu vya katuni hapa hakuna. Watoto wa Leonia wananiomba niwahadithie, nawahadithia mpaka karibu na mwisho kisha nawatuma maji.

Ulipoondoka wazee walikaa tena. Walisema baraza haliwezi kumfufua mtu aliyeganduliwa, watu watachanganyikiwa, na kila shamba mlimani hapa litafukuliwa. Lakini walimwomba Telesphory, kwa huruma, ampe mgeni huyu mahali pa kulima. Akakubali mbele yao. Kona ya juu, penye mawe, pale baba alipokuwa anafunga mbuzi. Nilitakiwa kushukuru. Kwetu unainama kidogo unapiga makofi polepole kwa mtu aliyekufadhili. Niliinama, nikampigia kaka yangu makofi, wazee wakasema vizuri. Sasa ananiita mama jirani. Mkewe ni mwema, hajui kitu, ananipa mbegu. Mtoto nimemzoea.

Jumapili ijayo kuna misa ya kumwombea marehemu Consolate. Padri anakuja mwenyewe, na baadaye kutakuwa na chakula nyumbani kwa kaka. Majirani wote tumeombwa tuchangie. Mimi nimepangiwa maharage, na nimeshapeleka.

Consolate